Fundi wa Simu Anastahili Zaidi ya Kibanda

Simu ya mwalimu inapoanguka na kupasuka kioo mjini Kakamega siku hizi, hasara haimfiki mwenye simu peke yake. Darasa zima huingia hasarani. Nasema hivi nikijua kwamba wapo wazee watakaonicheka, wale ambao kwao simu ingali kifaa cha kujuliana hali na cha vijana kupigia porojo. Lakini hebu tuhesabu. Mwalimu wa shule ya umma hujaza fomu zake za tathmini ya utendakazi, ile TPAD ya Tume ya Kuajiri Walimu, kwenye mtandao. Hati yake ya mshahara huipata huko huko. Alama za tathmini za wanafunzi wanaofuata mtaala wa umilisi huzituma kwenye tovuti ya Baraza la Kitaifa la Mitihani. Shule nyingi za mashambani hazina tarakilishi za kuwatosha walimu wote, na hata zilipo, stima hupotea mara tu mawingu yanapotanda. Basi kazi hiyo yote huiangukia simu iliyo mfukoni mwa mwalimu, simu aliyoinunua kwa pesa zake mwenyewe.

Mwanafunzi wa chuo naye hali yake ni mbaya zaidi. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Masinde Muliro kilipata kuwa chuo kikuu kamili mnamo 2007, mwaka uo huo ambao huduma ya M-Pesa ilizinduliwa nchini, na mambo hayo mawili yamekua pamoja kama pacha. Mwanafunzi anayepanga chumba Sichirai au Kefinco hujisajili kwa muhula kwa simu, huomba mkopo wa HELB kwa simu, hulipa kodi ya chumba kwa simu, na maelezo ya mhadhiri humfikia kupitia kundi la WhatsApp la darasa lake. Simu ikimfia Jumatatu, kufikia Ijumaa huenda akawa amekosa jaribio ambalo tangazo lake hakuliona, na mwenye nyumba anabisha mlango.

Serikali yenyewe ndiyo iliyotufikisha hapa, wala siilaumu kwa hilo. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, watoto waliambiwa wasome kwa redio, runinga na mtandao, hadi madarasa ya mitihani yaliporejea Oktoba mwaka huo na wengine wote Januari 2021. Tangu hapo hatujarudi nyuma. Lililosahauliwa ni kwamba chombo kinachobebeshwa kazi ya ofisi, ya maktaba na ya benki sharti kiwe na mahali pa kutengenezewa. Gari la serikali likiharibika lina karakana yake. Simu ya mwalimu ina kibanda.

Na kibanda chenyewe, ndugu msomaji, ni cha upana wa mlango. Ndani yake ameketi kijana mwenye bisibisi ndogo kama sindano, kibanio, kifaa cha kupuliza hewa moto, mita ya kupimia umeme, chupa ya spiriti, mswaki mkuukuu na, akiwa amebarikiwa, hadubini. Nilikaa alasiri moja karibu na soko la Kakamega nikimtazama mmoja wao akifanya kazi. Mvua ilikuwa imenyesha, kama inavyonyesha hapa alasiri nyingi, maana eneo hili la msitu hupata takriban milimita 2000 za mvua kwa mwaka, na maji ndiyo adui wa kwanza wa simu zetu. Wa pili ni bodaboda. Alifika mama mmoja ambaye chaki ilikuwa ingali kwenye mkono wa sweta yake.

"Kijana wangu, hii simu imekunywa maji."

"Pole sana, mwalimu. Uliizima?"

"Ilijizima yenyewe. Nimeiweka kwenye mchele tangu jana."

"Mwalimu, huo mchele rudisha jikoni, watoto wale."

Alicheka, na yule mama naye akacheka, lakini somo lililofuata lingefaa kutolewa katika kila darasa la Sayansi. Mchele hauna uwezo wa kuyavuta maji yaliyojificha chini ya vipande vidogo vilivyolehemiwa kwenye bodi. Tena maji yenyewe si maji matupu. Ya mvua hubeba vumbi la barabarani, ya mtoni na ya kisimani yana chumvichumvi, na umeme wa betri unapopita ndani ya maji ya namna hiyo, madini ya bodi huanza kuliwa. Siku moja ndani ya gunia la mchele ni siku moja ya kutu. Linalopaswa kufanywa ni kuizima simu papo hapo, kutoitia chaji hata kwa dakika moja, na kuifikisha kwa mtu atakayeifungua, aichomoe betri, aioshe bodi kwa spiriti safi na kuipiga mswaki, kisha aikaushe. Kijana yule alifanya hayo yote huku akizungumza, na mkono wake haukutetema.

Lugha yetu, kwa bahati njema, ilikwisha kumpa heshima ambayo sisi wasemaji tunamnyima. Neno fundi halina asili tofauti na funda, fundisha, funza na mafunzo. Fundi na mwanafunzi ni watoto wa mama mmoja. Pwani, aliyejifunza kazi chini ya fundi aliitwa mwanagenzi, na hakuna aliyeona haya kuitwa hivyo. Sisi huku bara tumelifanya neno fundi kuwa la mtu aliyeanguka mtihani. Mzazi anayejigamba kwamba mwanawe ni mhandisi wa umeme atanong'ona akisema yule mwingine "anashindashinda mjini na simu", ilhali huyu wa pili ndiye anayeweza kukuonyesha kwa mita mahali umeme ulipokatikia. Usione vyaelea, vyaundwa.

Nigeukie sasa swali ambalo wanafunzi huliuliza kwa uchungu: kwa nini kubadilisha kioo kunagharimu pesa nyingi hivyo? Wengi hudhani fundi anawanyonya. Ukweli ni kwamba kile tunachokiita kioo si kitu kimoja. Juu kuna kioo cha kukinga, chini yake kuna utando unaohisi kidole, na chini zaidi kuna sehemu inayotoa picha. Katika simu nyingi za leo tabaka hizo zimegandishwa pamoja kwa gundi tangu kiwandani, hivyo kwamba ufa ulio kwenye tabaka la juu tu humlazimu fundi kununua zote tatu. Kuzitenganisha kunawezekana, lakini kunahitaji mashine na mkono uliozoea. Kipuri chenyewe aghalabu kimetoka China, kimepitia kwa wauzaji wa Nairobi, pengine barabara ya Luthuli, na kupanda matatu usiku hadi Kakamega. Kila mkono kiliopitia umekata chake. Fundi anayekudai ada ya kazi huwa anabaki na sehemu ndogo kuliko wote waliotangulia, naye ndiye anayetukanwa.

Tena kuna vioo vya daraja mbalimbali. Kuna kilichotoka kwa mtengenezaji, kuna kilichochomolewa kwenye simu nyingine, na kuna nakala hafifu ambayo rangi zake hufifia na ambayo hukimaliza chaji upesi. Fundi mwaminifu hukuonyesha vyote na bei zake kabla hajagusa simu. Asiye mwaminifu hukuuzia cha tatu kwa bei ya kwanza. Sheria ya Kulinda Watumiaji Bidhaa ya 2012 inakataza hila za namna hiyo, lakini ni wangapi wanaoondoka kibandani na hata kipande cha karatasi kilichoandikwa jina la kipuri na tarehe? Asiye na risiti hana kesi.

Wasomaji waliofika makamo watazikumbuka redio za zamani, zile ambazo vipindi vya shule vilisikilizwa kwazo darasani mwalimu akiwa ameinua kidole ili watoto wanyamaze. Ukifungua kifuniko cha nyuma cha nyingi kati ya hizo, ulikuta karatasi iliyobandikwa humo ikiwa na mchoro wa saketi nzima. Mtengenezaji alikuwa anamwambia fundi asiyemjua, wa mji asioujua: siku itakapoharibika, hii hapa ramani. Fundi wa redio aliweza kujifunza kwa kusoma, na mwanagenzi wake vivyo hivyo. Hebu mtafute leo mtengenezaji wa simu anayefanya hivyo. Mchoro ni siri ya kampuni. Betri, ambayo kitambo ilitolewa kwa ukucha wa kidole gumba, sasa imegandishwa kwa gundi. Na ipo mbinu mpya iliyo mbaya kuliko gundi: baadhi ya kampuni hukifunganisha kipuri na bodi kwa namba ya siri, hata ukikichukua kioo halisi kutoka simu nyingine ya aina ile ile, simu hukikataa, au hukipokea huku ikipunguza uwezo wake na kuonya kwamba kipuri hakitambuliki.

Huko ng'ambo watu wameanza kulikataa jambo hili. Ufaransa iliwalazimisha wauzaji kuanzia Januari 2021 kubandika alama inayoonyesha simu inatengenezeka kwa urahisi kiasi gani. Jimbo la Oregon nchini Marekani lilipitisha mnamo 2024 sheria inayopiga marufuku ile hila ya kufunganisha vipuri. Muungano wa Ulaya umeweka kanuni zilizoanza kufanya kazi tarehe 20 Juni 2025, ambazo zinawataka watengenezaji kuhakikisha vipuri muhimu vya simu vinapatikana kwa miaka 7 baada ya modeli hiyo kuacha kuuzwa, na betri idumu na angalau asilimia 80 ya nguvu zake baada ya kutiwa chaji mara 800. Hao ni watu wenye pesa za kununua simu mpya kila wapendapo. Sisi ambao simu moja hupitia kwa baba, ikaenda kwa kaka, ikaishia kwa shangazi kijijini, tuna sababu kubwa zaidi ya kudai hayo, na bado tumenyamaza.

Nchini kwetu hakuna sheria inayoitaja haki ya kutengeneza kwa jina lake. Lakini msingi wake upo, na nashangaa kwamba hatuusomi. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya kupata bidhaa na huduma za ubora unaofaa, na pia haki ya kupata habari zinazohitajika ili afaidi kikamilifu bidhaa na huduma hizo. Je, mtu aliyenunua simu na kunyimwa maelezo ya jinsi ya kuitengeneza anaifaidi kikamilifu? Naliacha swali hili kwa walimu wanaofundisha Historia na Serikali. Ni mada njema ya mjadala wa wanafunzi kuliko zile za kila mwaka za kijiji na mji. Kwa upande wangu jibu ni la. Isitoshe, tangu Oktoba 2023 tuna kiwanda kinachounganisha simu hapa hapa nchini, kule Athi River. Nchi inayoweza kuunganisha simu haina udhuru wa kukosa kuuza vipande vyake kwa bei inayojulikana Kakamega, Busia na Garissa.

Kampuni hujitetea kwamba kufuli hizo za vipuri huwavunja moyo wezi, na kwamba zinalinda usalama wa mwenye simu. Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Sote tunajua kwamba simu iliyonyakuliwa stendi ya magari hugeuka kuwa vioo na betri kabla ya jua kutua, na kwamba vibanda fulani ndivyo vinavyoipokea. Lakini dawa ya mwizi haiwezi kuwa kumfungia mlango kila fundi mwaminifu. Kila simu ina namba yake ya utambulisho yenye tarakimu 15, ambayo yeyote anaweza kuiona kwa kubonyeza *#06#. Fundi anayeandika daftarini namba hiyo pamoja na jina la aliyemletea simu amejikinga yeye na amemkinga mteja. Na asiyetaka kuandika, tumwulize kwa nini.

Serikali ilikwisha kuonyesha kwamba namba hizo zina nguvu. Mwishoni mwa Septemba 2012 simu bandia ziliamriwa zizimwe nchini kote, na zaidi ya milioni moja zikanyamaza. Watu wa kipato cha chini ndio walioumia, kwa kuwa ndio waliouziwa bandia bila kujua. Naikumbusha habari hiyo kwa sababu moja: mtu anapokosa kipuri halali cha simu yake halali, hatua yake ya pili huwa ni simu ya bei rahisi ya mkono wa tatu isiyojulikana ilikotoka. Ugumu wa kutengeneza ndio mlango wa bandia.

Upo pia mtego ambao wanafunzi wengi wameuingia, nao ni simu za kulipia kidogo kidogo kila siku. Sizipingi, zimewapa wengi chombo ambacho wasingekipata. Lakini simu hiyo hujifunga malipo yakichelewa, na mkataba haukomi kwa sababu kioo kimevunjika. Mwanafunzi hujikuta akiilipia maiti. Wengine hukimbilia kwa fundi ili "aimulike" kufuli litoke, na hapo wote wawili wamevunja mkataba. Kabla ya kuweka kidole gumba kwenye mkataba wa namna hiyo, soma sehemu inayohusu uharibifu. Ikiwa haipo, uliza.

Sasa nifike kwenye jambo linalonikosesha usingizi kuliko bei zote. Mteja anapompa fundi simu, fundi humwuliza namba ya siri ya kuifungua, na mteja huitamka kwa sauti mbele ya wateja wengine watatu. Kisha huondoka kwenda kunywa chai. Ameacha nini pale mezani? Ameacha picha zake, barua zake, mazungumzo yake na mumewe, laini yenye M-Pesa, na, ikiwa ni mwalimu, ameacha picha na alama za watoto wa watu.

Walimu na wasikie hapa. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inasema, katika kifungu chake cha 33, kwamba data ya mtoto haishughulikiwi bila idhini ya mzazi au mlezi na bila kulinda maslahi ya mtoto huyo. Mnamo Septemba 2023 ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data iliitoza shule moja ya Uthiru, Nairobi, faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuweka hadharani picha za watoto bila idhini ya wazazi. Shule hiyo ilizitangaza picha hizo yenyewe. Sidhani, hata hivyo, kwamba mzazi ambaye picha za mwanawe zilivuja kutoka meza ya fundi atakubali kuambiwa kwamba mwalimu alikuwa ameenda kunywa chai. Kifungu cha 31 cha Katiba, kinachotulinda sote dhidi ya kufichuliwa siri zetu, hakisimami mlangoni pa kibanda.

Lawama hapa nazigawa sawa. Fundi ambaye kazi yake ni kubadilisha tundu la chaji hahitaji namba ya siri ya mtu. Simu hujionyesha kama inapokea chaji hata ikiwa imefungwa. Anapohitaji kweli kuijaribu kamera au spika, mteja na aketi pale afungue mwenyewe. Zipo simu ambazo tangu 2022 na 2023 zimewekewa namna maalumu ya matengenezo, ambayo humwezesha fundi kuijaribu simu bila kuona kilichomo. Iko kwenye mipangilio, na wengi hawajawahi kuitafuta. Laini itolewe kabla simu haijaachwa, na iwekewe namba yake ya siri. Na kila Ijumaa mwalimu anapofunga kabati lake la vitabu, anakili alama na kazi zake mahali pengine, kwenye barua pepe au tarakilishi ya shule, kwa sababu bodi iliyoungua haitengenezeki na mafundi wote wa Magharibi ya Kenya.

Kuna pia kile kinachobaki. Chini ya meza ya kila fundi pana mkebe wa bodi zilizokufa na betri zilizovimba. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa 2024 ilikadiria kwamba dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki mwaka wa 2022, na kwamba ni asilimia 22.3 tu zilizojulikana kukusanywa na kuchakatwa ipasavyo. Katika mkebe ule mna dhahabu, ingawa ni chembe tu kwa kila simu. Kakamega si mji wa kuelezwa dhahabu ni nini. Ilipogunduliwa hapa mwaka wa 1931, walowezi walimiminika, na mwishoni mwa 1932 serikali ya kikoloni ikaibadilisha sheria yake yenyewe ya 1930 ili ardhi ya Waluhya iweze kuchimbwa bila wenyewe kupewa ardhi nyingine. Mgodi wa Rosterman ulifanya kazi hadi 1952. Hivi leo wachimbaji wadogo wangali wakishuka mashimoni Ikolomani, na wengine hawapandi. Dhahabu ile ile imo kwenye mkebe wa fundi, pamoja na risasi na sumu nyingine, nayo huishia jaani au motoni nyuma ya soko. Betri iliyovimba ikitobolewa au kutupwa motoni hulipuka. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inamtwika mtengenezaji wajibu wa bidhaa yake hata inapokuwa taka, na kipo kituo jijini Nairobi kinachopokea taka za aina hiyo, lakini kijana wa kibandani hawezi kulipa nauli ya mkebe wake hadi huko.

Nini kifanywe? Nianze na lililo karibu. Wanafunzi wa shule za upili hawaruhusiwi kuwa na simu shuleni, na sipendekezi waruhusiwe. Lakini simu iliyokufa haina madhara. Mwalimu wa Fizikia anayefundisha mkondo wa umeme kwa balbu na betri mbili anaweza kuomba bodi kumi mbovu kutoka kibandani, azigawe darasani na kuwaacha wanafunzi wafuate njia ya umeme kwa mita, kutoka tundu la chaji hadi betri. Hazitagharimu kitu. Na fundi mwenyewe aalikwe siku moja, asimame mbele ya ubao, aitwe mwalimu. Nina hakika wapo watakaomwelewa upesi kuliko wanavyokielewa kitabu.

Chuo cha Kitaifa cha Sigalagala kiko umbali mfupi kutoka mjini, na Masinde Muliro kiko mjini kabisa. Vyuo hivi viwili vina maabara ambazo hukaa kimya likizo ikifika. Kozi ya wiki mbili kwa mafundi waliopo tayari, ya kulehemu chipu chini ya hadubini, ya usalama wa betri na ya sheria ya data, ingefaa kuliko makongamano mengi ninayoyasikia. Mwishoni mwake fundi afanye mtihani wa ufundi wa NITA, apate cheti cha kutundika kibandani. Sera ya kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa ilizinduliwa 2024. Hawa ndio watu ambao iliandikwa kwa ajili yao, kama iliandikwa kwa ajili ya yeyote.

Tume ya Kuajiri Walimu nayo, maadamu inataka kazi yake ifanywe mtandaoni, ikubali kwamba vyombo vya kazi hugharimu. Marupurupu madogo ya matengenezo, au walau tarakilishi moja zaidi kwa kila shule ya mashambani, si dai la kipuuzi. Vyama vya walimu huketi na mwajiri kujadili mishahara. Waibebe hoja hii mezani pamoja na nyingine.

Ama kuhusu kaunti, kila mwaka hutoza vibanda ada ya kibali cha biashara. Kwa ada hiyo fundi ana haki ya kudai paa lisilovuja, stima isiyopandapanda ikamuunguzia mita yake, na pipa moja la betri mbovu linalochukuliwa na gari la kaunti kila mwezi. Hayo matatu hayahitaji mfadhili kutoka ng'ambo. Bunge la Kaunti ya Kakamega hutunga sheria yake ya fedha, na ada za vibanda huorodheshwa humo moja baada ya nyingine. Nitaisoma itakayofuata, ukurasa kwa ukurasa, nikitafuta mahali palipoandikwa wanaozilipa watapewa nini.